Barua kwa kampuni ya birika lililonichoma mkono

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MADAI YA FIDIA KWA MAJERAHA YALIYOTOKANA NA BIRIKA LENU LA UMEME

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimepokea majibu yenu kwa malalamiko yangu ya kwanza. Mmeniahidi birika jipya na punguzo la bei kwa bidhaa nyingine, kwa sharti kwamba nirudishe birika bovu, nitie saini karatasi ya kukubali kuwa sina dai lolote, na nisimsimulie mtu yeyote yaliyotokea. Sijatia saini. Naomba mnisomee mpaka mwisho ili mjue kwa nini.

Birika hilo lilikuwa na miezi minne tu. Asubuhi ile nililijaza maji, chini kidogo ya alama ya juu, yakachemka, likajizima lenyewe kama kawaida. Nikalinyanyua niyamimine kwenye beseni la kumwogeshea mjukuu wangu. Kabla sijalifikia beseni, kishikio kikachomoka upande wa juu. Birika likabaki linaning'inia kwa skrubu ya chini, likapinduka, na maji yakanimwagikia kuanzia kifundo cha mkono wa kulia mpaka kwenye vidole vitatu. Mengine yakaniangukia mguuni. Mtoto alikuwa hatua mbili kutoka hapo, ameshavuliwa nguo. Kila nikikumbuka asubuhi ile, mtoto ndiye anayenijia kwanza, kabla hata ya mkono wangu.

Niliuweka mkono chini ya maji ya bomba kwa dakika 20 kwa kuangalia saa, nikaenda kwa daktari. Ameandika kuwa ni kuungua kwa daraja la pili, eneo dogo. Nilirudi mara tatu kubadilishiwa bandeji. Mguu ulipona haraka. Mkono haukuwa hivyo, kwa sababu mimi ni fundi cherehani. Lengelenge kubwa lilikaa pale pale ambapo pete ya mkasi inalalia ninapokata kitambaa. Nikishika mkasi linabonyea, nikiuachia linapwita. Siku ya tano nilijaribu kukata mikono ya gauni moja nililokuwa nimeahidi. Lengelenge likapasuka, maji yake yakadondokea kitambaa cha mteja, na nikalazimika kumlipa kitambaa kile. Kwa jumla nilikaa siku 11 bila kazi. Daftari langu la oda linaonyesha nani nilimrudishia malipo ya awali na siku gani.

Sasa nije kwenye neno lenu. Mmeandika kwamba majeraha yangu ni "madogo na hayafikii kiwango cha kulipwa fidia." Kwamba ni madogo nakubali, na sijawahi kusema vinginevyo. Sikulazwa, sikukatwa kidole, na alama iliyobaki inaendelea kufifia. Hicho kiwango cha kulipwa fidia ndicho sikielewi mmekitoa wapi. Mwaka 1985 nchi za Ulaya zilipopitisha agizo lao la pamoja kuhusu bidhaa mbovu, ziliweka kiwango cha chini kwa madai ya mali iliyoharibika, ili watu wasishtakiane kwa vitu vidogo vidogo. Kwa mwili wa mtu kuumia hazikuweka kiwango hicho. Nadhani walifikiri sawasawa. Udogo wa jeraha unapaswa kuonekana kwenye udogo wa malipo, na malipo madogo bado ni malipo. Agizo hilo hilo halikumtaka aliyeumia athibitishe uzembe wa kiwanda. Lilimtaka aonyeshe madhara aliyopata, kasoro ya bidhaa, na uhusiano wa viwili hivyo. Yote matatu ninayo mezani kwangu.

Sidai kwamba kila anayeungua alipwe. Ningefunua kifuniko maji yakiwa yanatokota nikachomwa na mvuke, hilo lingekuwa juu yangu. Ningelijaza kupita alama, ningelifungua na kulikaza mwenyewe, ningelitumia huku nikiona kishikio kinacheza, nisingeandika barua hii. Lakini kazi ya kishikio ni moja tu, kubeba birika lenye maji ya moto. Mkisema nilipaswa "kuwa mwangalifu zaidi," naomba mnieleze ningefanya uangalifu gani. Kulibeba birika kwa tumbo lake?

Jambo la pili mlilonijibu ni kwamba risiti ina jina la mdogo wangu, hivyo mimi si mteja wenu. Ni kweli, yeye ndiye aliyelinunua akanizawadia. Lakini hoja hiyo imeshazeeka. Mwaka 1928 huko Paisley, Uskoti, mama mmoja aitwaye May Donoghue alikunywa soda ya tangawizi kutoka kwenye chupa isiyopenyeza mwanga, na akadai kwamba ndani yake alitoka konokono aliyeoza, naye akaugua tumbo. Kinywaji kilinunuliwa na rafiki yake. Mtengenezaji akajitetea kwamba hakuwa na mkataba wowote na mama huyo. Mwaka 1932 Baraza la Malodi la Uingereza lilimkatalia utetezi huo: anayetengeneza kitu ana wajibu kwa yule atakayekitumia, awe alikinunua mwenyewe au hakukinunua. Mnaona pia kwamba mama yule hakuvunjika mguu. Ni tumbo lililougua, na shauri lake likasikilizwa mpaka ngazi ya juu kabisa.

La tatu niliambiwa kwa simu na ofisa wenu, kwa sauti ya upole, kwamba mkianza kulipa kila aliyeungua kidogo mtavamiwa na watu wanaotaka utajiri "kama yule bibi wa kahawa." Nimelifikiria sana neno hilo, kwa sababu linatumika kuwanyamazisha wengi, na kwa kawaida anayelitumia hajui kilichotokea. Stella Liebeck alikuwa na miaka 79 mwaka 1992 alipomwagikiwa na kahawa ya McDonald's mapajani huko Marekani. Aliungua kwa daraja la tatu, akalazwa siku 8, akabandikwa ngozi. Mwanzoni aliomba dola 20,000. Akaambiwa achukue 800, ndipo shauri likaenda mahakamani. Baraza la wazee wa mahakama lilikadiria madhara yake kuwa dola 200,000, kisha likapunguza asilimia 20 kwa sababu liliona naye alichangia kumwagika kwa ile kahawa. Zile milioni 2.7 zinazosimuliwa kila mahali zilikuwa adhabu kwa kampuni, na jaji alizishusha hadi 480,000 kabla pande mbili hazijaelewana kimya kimya.

Jeraha langu halilingani na lake hata kidogo. Nimelitaja shauri hilo kwa ajili ya ile asilimia 20. Ipo njia ya haki kwa mtu mnayemshuku kwamba amechangia kuumia kwake: mnapima sehemu yake, mnaitoa, mnalipa iliyobaki. Kama fundi wenu atanionyesha kosa langu kwa macho, punguzeni nami nitakubali.

Hapa ndipo lilipo suala la kurudisha birika. Mnataka niwatumie kwanza, ndipo "mlitathmini." Nikilituma, nitabaki na nini mkononi? Nimelifunga kwa kitambaa, nimeliweka kwenye boksi lake, na sijaligusa tena tangu siku niliyolipiga picha. Mkilitazama upande wa juu mtaona tundu la skrubu limepasuka, na ufa mweupe unatoka kwenye tundu hilo hadi ukingoni mwa plastiki. Skrubu yenyewe haina mkunjo wala kutu. Ni fupi kuliko ile ya chini kwa karibu nusu. Mimi si mhandisi, ila kwa miaka mingi nimekuwa nikikaza skrubu za cherehani, na najua skrubu inayoshika ncha tu ya plastiki itashika mpaka siku itakapobeba uzito. Tumeni fundi wenu alitazame mbele yangu, alipime, apige picha. Akitaka kulichukua, aniandikie kwamba amelichukua likiwa katika hali gani.

Madai yangu ni haya. Nirudishieni gharama za daktari, dawa na bandeji kama risiti nilizoambatisha zinavyoonyesha, pamoja na nauli. Nilipeni ujira wa siku 11 kwa wastani wa daftari langu la miezi mitatu iliyotangulia, na bei ya kitambaa kilichoharibika. Maumivu hayana risiti, kwa hiyo hapo nimesita sana. Nilipojiuliza ni kiasi gani ningekipokea bila kuona aibu mbele ya mtu aliyeumia kuliko mimi, nilifikia kiasi kinacholingana na ujira wa zile siku 11, basi. Birika jipya mnaweza kunipa au kutonipa. Hilo ni deni lenu kwa mdogo wangu aliyelilipia, na halina uhusiano na mkono wangu.

Sharti la kunyamaza silikubali kwa malipo yoyote. Chini ya birika pana namba ya toleo, na nimeinakili kwenye kiambatisho. Mabirika mengine ya toleo hilo yako majikoni mwa watu leo, na huenda baadhi yake yana skrubu fupi kama hii. Nataka mnijibu kwa maandishi kama mmeyakagua, na kama mtawatangazia walionayo wasiyatumie. Mkinilipa kila nilichoomba na mkaliacha hili, nitaendelea kuwaandikia.

Nitasubiri majibu yenu kwa siku 21 tangu mnapopokea barua hii. Baada ya hapo nitaipeleka, pamoja na picha, cheti cha daktari na nakala ya majibu yenu ya awali, kwa mamlaka inayoshughulikia haki za walaji. Fundi wenu anaweza kuja siku yoyote ya kazi. Nipo cherehanini kuanzia asubuhi.

Wenu,

Mtumiaji wa birika lenu