Barua kwa mwanangu aliyeko Bengaluru

Mwanangu Zuhura,

Ama baada ya salamu, huku Tanga sote wazima, ila mamako analalamika kwamba humpigii.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema uhandisi umekubana hata daftari la mashairi hulifungui tena, na wenzako wanakutania kwamba mtu wa mitambo ana haja gani na vina na mizani. Wewe kuwajibu umeshindwa. Basi ngoja nikutajie mtu wa mji huohuo unaokaa.

Anaitwa R. Ganesh, na watu humtangulizia cheo cha Shatavadhani. Alizaliwa Kolar mwaka 1962, hapo mashariki ya Bengaluru. Alisomea uhandisi wa mitambo kama wewe, akaendelea na elimu ya metali kwenye Taasisi ya Sayansi ya India. Kisha akachukua shahada ya uzamili ya Kisanskriti, na Chuo Kikuu cha Kannada cha Hampi kikampa udaktari wa fasihi kwa utafiti wa sanaa anayoifanya mwenyewe. Sanaa hiyo ni avadhana: kutunga mashairi papo kwa papo, mbele za watu, bila kalamu wala karatasi.

Avadhana iko ndogo na kubwa. Ile ndogo ina waulizaji wanane, kila mmoja na jaribio lake. Mmoja anampa mshororo wa mwisho usio na akili hata kidogo, mshairi atunge mitatu ya juu mpaka ule wa mwisho ulete maana. Mwingine anampa maneno manne yasiyohusiana, pengine ya lugha ngeni, kila moja aliingize katika mshororo wake. Yuko wa mraba wa namba, anayezidai chumba kimoja kimoja bila mpangilio, na mwishoni safu zote lazima zijumlike sawa. Yuko pia yule ambaye kazi yake ni kuropoka: anamkatiza mshairi kwa maswali ya kipuuzi, naye ajibu kwa mzaha ukumbi ucheke.

Lakini ninayempenda mimi ni yule wa kukataza herufi. Mshairi anatamka silabi moja. Muulizaji anapima neno linaelekea wapi, anasema: herufi fulani usiitumie. Mshairi anakwepa, anatamka silabi nyingine, anakatazwa tena. Wanakwenda hivyo mpaka mshororo ukamilike, na maana ibaki nzima. Ni ubishi wa watu wawili juu ya neno ambalo halijatamkwa bado.

Sasa tazama ugumu wenyewe. Hamalizi swali moja ndipo aende jingine. Anampa kila mmoja mshororo mmoja tu, anazunguka, anarudi kwa wa kwanza kwa mshororo wa pili, na hivyo hivyo hadi wa nne. Raundi ya mwisho anayasoma mashairi yote mazima, kwa kichwa. Ganesh ameifanya hii ya waulizaji wanane zaidi ya mara 1,000. Ile kubwa, iliyompa cheo, ina waulizaji 100, na mwaka 2012 aliifanya Bengaluru kwa siku tatu, yote kwa Kikannada, lugha ya huko. Sanaa hii ilishamiri zaidi kwa majirani zao Watelugu. Upande wa Kikannada ilikuwa imefifia, yeye ndiye aliyeifufua.

Watu husema ana kumbukumbu ya ajabu. Sikatai. Lakini wewe uliyekua ukinisikia nikighani, fikiri kidogo. Bahari moja ya Kisanskriti ina silabi 19 kila mshororo, na nzito na nyepesi zimepangwa, huwezi kuzihamisha. Kikannada cha kale kinadai zaidi: konsonanti ya silabi ya pili ifanane katika mishororo yote. Sisi kina tunakiweka kati na mwisho, wao wamekiweka karibu na mlangoni. Mshairi akishashika silabi ya pili, nusu ya maneno ya lugha yameshajiondoa yenyewe. Sheria hizo unazoambiwa ni mzigo ndizo zinazomshikia shairi asilipoteze wakati mropokaji anampigia kelele. Muyaka na wenzake, waliorushiana tungo kati ya Mombasa na Lamu, wangemwelewa mara moja.

Nimejaribu nami. Nilijipa mshororo wa kipuuzi, “Maji yakawaka moto, samaki wakafurahi”, nikautafutia wenzake:

Usiku ulo mzito, wengi wakenda karahi,
Karabai zenye joto, zikazimwa asubuhi,
Jua likang’ara kito, mvuvi kwake kawahi,
Maji yakawaka moto, samaki wakafurahi.

Wavuvi wa dagaa wataelewa. Ila mimi nilikuwa na karatasi, kahawa, na jioni nzima, wala hakuna aliyenikataza herufi.

Usidhani kazi yake ni mashindano tu. Ameandika vitabu, na ametunga maneno ya Yakshagana, ule mchezo wa ngoma na hadithi wa pwani ya Karnataka, kwa ajili ya mchezaji mmoja, Mantap Prabhakar Upadhya, anayecheza peke yake nafasi za wanawake. Hayo nayo kayatafute.

Ukisikia avadhana inafanyika hapo mjini, nenda. Lugha hutaielewa, kwa hiyo chukua mwenzako wa Kikannada akae ubavuni akunong’oneze. Kaa mahali utakapomwona usoni yule wa kukataza herufi. Hao wanaokutania nao wabebe, nauli nitatuma.

Na wewe nakupa mshororo wa mwisho. Mitatu ya juu ni yako, mizani 16, vina vya kati na vya mwisho, na usiniletee kisingizio cha mitihani:

Mlango ulifunguka, aliyetoka kabaki.

Ni mimi babako.