Risala ya kikundi cha maji kwa mgeni wa heshima

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, chifu, wazee wa mtaa, mwalimu mkuu, viongozi wa dini, wazazi na wanachama wenzetu, hamjambo.

Mgeni wetu, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako jijini Nakuru ukaja huku kwetu, tena kwa barabara uliyojionea mwenyewe. Karibu sana.

Kikundi chetu kilianzishwa na akina mama saba waliojuana kwenye foleni ya mitungi kisimani. Leo tuko 42, na kijiji kimebadilika sura kwa ajili yetu. Kila mwanachama ana chombo cha maji ya kunywa chenye kifuniko na mfereji wake. Mtoto hachovyi tena kikombe ndani. Maji tunayachemsha ama kuyatia klorini. Ya kufulia hayamwagwi ovyo, yanaenda kwenye migomba, na migomba hiyo umeipita ukiingia.

Hayo tumeyaweza kwa mikono yetu. Liko moja lililotushinda, nalo ndilo lililotuamsha alfajiri kupanga viti hivi.

Maji ya kisima chetu yana floraidi nyingi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Yetu yalipopimwa yalipita hapo. Watoto watakapokuimbia, yatazame meno yao. Si kwamba hawapigi mswaki. Jino huharibika likiwa bado linajengwa ndani ya ufizi, likaja kutoka tayari lina madoa ya kahawia, na mswaki hauyatoi. Wapo wasichana wetu wanaocheka wameziba mdomo kwa kiganja. Hilo linatuuma, mgeni wetu, kuliko tunavyoweza kulisoma hapa.

Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi inabaki, na kadiri maji yanavyopungua sufuriani ndivyo inavyozidi ukali. Klorini nayo haiiondoi. Tulijaribu vichujio vya mkaa wa mifupa. Vinafanya kazi vizuri, ila mkaa ule hushiba floraidi, sharti ubadilishwe, na wengi wetu hatukumudu gharama.

Yamebaki maji ya mvua, ambayo hayapiti kwenye miamba hiyo. Paa la madarasa mawili ya shule hii lina kama mita mraba 100. Mvua ya milimita 10 ikinyesha hapo ni lita 1,000. Tangi la lita 10,000 likijaa, watoto 200 watakunywa lita moja moja kwa siku 50. Kisima kitabaki cha kufulia na kuogea.

Mgeni wetu wa heshima, mwaka juzi mgeni aliyesimama hapo ulipo alituahidi tangi, tukampigia makofi. Tukachangishana, tukajenga msingi wa saruji. Mwaka jana mgeni mwingine akausifu msingi, akapigwa picha juu yake, akasema tangi liko njiani. Hatuwataji, wala hatukusudii kumvunjia mtu heshima. Lakini tangu hapo msingi ule tunauanikia mahindi, na waliokuwa wakianza shule wakati ule sasa wanang'oa meno ya utoto.

Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kwa hiyo twaomba kwa adabu, lakini hatuombi sadaka: tangi moja la lita 10,000, gata za madarasa mawili, na bomba la kumwaga pembeni maji ya kwanza yanayoosha vumbi la paa. Fundi tunaye, vibarua ni sisi. Tena, kwa heshima zote, tunaomba ututajie tarehe leo hii, katibu aiandike kwenye kitabu cha kikundi, nawe utie sahihi.

Kabla ya chakula, tafadhali tembea nasi hadi nyuma ya darasa la tatu uuone msingi huo. Mahindi tumeyaanua tangu jana.

Ni sisi wanakikundi.