Anwani zetu zisiuzwe pamoja na mahindi

Mhariri,

Nauza viungo vya pilau kwa tovuti ya .co.ke, na anwani niliyojisajilia ni ya nyumbani wanakolala wanangu. Mkataba wa biashara wa Marekani, Meksiko na Kanada, ulioanza kutumika Julai 2020, unataka maelezo ya mawasiliano ya waliosajili majina ya tovuti yenye kiishio cha nchi, kama .ke yetu, yapatikane mtandaoni kwa umma, ingawa kwa kuzingatia sheria za faragha. Mwezi huohuo Kenya ilianza mazungumzo ya mkataba wa biashara na Marekani. Kila nikisikiliza mjadala, ni nguo na mahindi tu! Kipengele kama hicho kikiletwa kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 itanikinga kweli? Wizara ya biashara ituonyeshe rasimu ya mkataba kabla ya kutia saini.

Mama Viungo,
Majengo, Mombasa