Nyumbu yupi mnayemsema?

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu jamaa ya farasi, punda na pundamilia, na kwa sehemu kubwa nimeridhika nayo. Hata hivyo, aya iliyoeleza kwamba nyumbu ni mtoto wa punda dume na farasi jike ilipambwa kwa picha ya mnyama mwenye pembe na ndevu. Maelezo yalikuwa sahihi, na picha ilikuwa ya nyumbu kweli, ila si nyumbu huyo.

Lugha yetu imewapa wanyama wawili jina moja. Nyumbu wa mbugani ni wa ukoo wa ng'ombe na swala: ana pembe, kwato zake zimepasuka, na hucheua. Jenasi ya Equus, ambamo wamo farasi, punda na pundamilia, haina hata mmoja mwenye pembe, wala hakuna anayecheua. Majani wanayokula huchachushwa na vijidudu katika utumbo mpana, baada ya kupita tumboni. Ndiyo maana pundamilia huweza kuishi kwa kula nyasi ndefu na ngumu kwa wingi, huku nyumbu wa mbugani, ambaye mara nyingi huonekana karibu naye, akipendelea nyasi fupi na laini. Huenda ujirani huo nao umechangia mkanganyiko.

Anayetaka ushahidi wa haraka atazame miguu. Farasi husimama juu ya ncha ya kidole kimoja tu, kilichovikwa ukwato mzima usio na mpasuko, na pembeni mwa mfupa mrefu ulio juu yake kuna mifupa miwili myembamba kama njiti, masalia ya vidole vya mababu zake. Pundamilia na punda wako vivyo hivyo, na mtoto wa punda na farasi hawezi kuwa tofauti.

Huyo mtoto ana jambo lake la pekee. Farasi ana kromosomu (nyuzi za urithi zilizomo ndani ya seli) 64 na punda ana 62. Yeye hupokea nusu ya kila mzazi, akawa na 63, ambazo haziwezi kupangika zote katika jozi, na kwa sababu hiyo karibu kila mara huwa tasa. Ni yeye aliyembeba Absalomu, mwana wa mfalme Daudi, katika Biblia siku kichwa chake kiliponaswa mtini, ingawa nakiri kwamba nilipokuwa mtoto nilimwona Absalomu akikimbia juu ya mnyama mwenye pembe, na hakuna mkubwa aliyenisahihisha.

Kiswahili tayari kina neno baghala kwa mnyama huyu. Naomba mlitumie, au angalau mliweke kando ya neno nyumbu panapozungumzwa ukoo wa farasi, na picha ile ibadilishwe katika toleo lijalo.

Wasalaam,
Mwalimu mstaafu wa Biolojia