Asante, fundi wa flaksi

Kwako fundi uliyetuelekeza, bila kutaja jina, jinsi ya kuondoa risasi ya kulehemu iliyounganisha miguu ya chipu: asante sana. Chipu yetu ya ATmega328P (kompyuta ndogo ya kuendesha vifaa) yenye miguu 32, yaani pini, sasa iko safi, na pini ya 3 haishikani tena na ya 4. Hizo mbili ni negativu na chanya za umeme, kwa hiyo daraja la risasi hapo ni shoti kamili.

Shukrani kubwa ni kwa neno lako moja: flaksi, dawa ya kusaidia risasi iliyoyeyuka kushika shaba. Wengi hukimbilia kuongeza moto. Kumbe risasi hunata kati ya miguu kwa sababu flaksi yake imeshaungua na juu pameota kutu. Ukipaka flaksi mpya ya jeli, risasi hulainika na kurudi yenyewe kwenye shaba. Halafu ncha ya pasi ya kulehemu, iliyofutwa ikabaki na risasi kidogo tu, nyuzi 330 za Selsiasi hivi, inavutwa kutoka kwenye mwili wa chipu kwenda nje, sekunde 2 au 3. Mara nyingi daraja linaondoka na ncha.

Likigoma, ndipo unatumia utepe wa shaba wa milimita 2 unaofyonza risasi ukipashwa moto na pasi. Onyo lako kwamba utepe na pasi viinuliwe pamoja risasi ikiwa bado moto liliokoa bodi. Ukipoa umeng'ang'ania, unang'oa njia za shaba.

Tulisafisha kwa spiriti na mswaki, tukapima kwa mita bila umeme. Kimya, hakuna mlio wa kuonyesha kwamba pini zinashikana.

Ubarikiwe, fundi.