Barua kwa Zawadi kuhusu vijana wenye selimundu

Mpendwa Zawadi,

Salamu nyingi kutoka Dar es Salaam. Nimeusoma mara mbili mwongozo wa maswali utakayowauliza vijana wa miaka 13 hadi 17 wanaoishi na selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, na ombi langu kubwa ni kwamba swali la kwanza lisihusu ugonjwa.

Kijana huyu amehojiwa tangu utotoni. Kila siku ya kliniki huulizwa maumivu yameanza lini, yako wapi na ni makali kiasi gani kutoka 0 hadi 10, hata amekwisha kuyajua majibu yanayomtosheleza daktari, na ukianzia hapo atakupa hayo hayo. Mimi nilifanya kosa hilo kwa wiki nyingi, nikawa narudi na daftari lililojaa namba. Siku nilipomwomba binti mmoja anisimulie jana yake, tangu alipoamka hadi alipolala, ndipo nilipoelewa kwamba linalomchosha zaidi shuleni ni kunyoosha mkono kuomba ruhusa ya kwenda chooni huku darasa zima likimgeukia. Ameagizwa anywe maji mengi, na figo zenye selimundu hazihifadhi maji vizuri. Hakuna kipimo cha maumivu ambacho kingenionyesha hilo.

Ridhaa ya mzazi utaihitaji, kwa kuwa hawajatimiza miaka 18, lakini usianze kabla kijana mwenyewe hajakubali. Kisha mwombe mama, kwa heshima zote, akae mahali anapomwona mwanawe bila kuyasikia maneno yake. Ndiye aliyekesha naye wodini, na kwa upendo huo huo atamjibia kila swali. Mweleze kijana mapema siri ambayo hutaweza kuitunza, yaani jambo linalohatarisha maisha yake, kwa sababu ukimwambia baada ya kusema atajiona amesalitiwa.

Chukua karatasi yenye mchoro wa mwili na kalamu za rangi. Wavulana wengi hawatatamka kwamba uume husimama kwa maumivu na kukataa kulala, wala wasichana kwamba wenzao wamevunja ungo na wao bado. Mkono huanza kupaka rangi kabla ya mdomo kufunguka. Unaweza pia kusema, "Vijana wengine huona aibu kulieleza hili, wewe unalionaje?" halafu unyamaze, hata kimya kikizidi unavyoweza kukivumilia. Na tafadhali futa kila "kwa nini". "Kwa nini hukumeza dawa?" ni karipio, ilhali "Siku ambayo dawa haimezwi huwa ni siku ya namna gani?" humwachia nafasi ya kusimulia.

Nimekurudishia mwongozo pamoja na barua hii. Maswali ya 1 hadi 6 nimeyasogeza mwisho, na ukurasa wa kwanza nimeuacha mtupu, uandike wewe mwenyewe swali moja tu kuhusu jana yake.

Akupendaye,
Rehema