Kwa Mtendaji Mkuu wa OSHA (Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi): njooni saiti siku ya kumwaga zege

Ndugu Mtendaji Mkuu,

Mimi ni fundi nondo hapa Dar es Salaam. Nakuandikia kuhusu mkandarasi mkuu, yule mwenye jina la herufi kubwa kwenye bango la mradi lakini mtu akidondoka haonekani.

Ghorofa siku hizi halijengwi na kampuni moja. Mkandarasi mkuu anashika mkataba, kisha nondo anampa huyu, mbao na mirunda yule, umeme mwingine. Mpaka hapo hakuna ubaya. Balaa ni siku ya kumwaga zege la slabu, yaani sakafu ya ghorofa. Alfajiri vibarua wanazolewa kijiweni, vijana ambao mnyapara hajui hata majina yao, anahesabu vichwa tu. Wanapanda na ndoo begani, wengine wamevaa kandambili, na ukingo wa slabu hauna hata kamba. Winchi inapandisha mzigo huku chini yake mafundi bomba wa kampuni nyingine wakiendelea na kazi, maana hakuna aliyewaambia wapishe. Nani wa kuwaambia? Sabu, yule mkandarasi mdogo aliyepewa kipande cha kazi, hana ubavu wa kumsimamisha sabu mwenzake. Ni mkandarasi mkuu peke yake mwenye ratiba ya saiti nzima.

Kijana akianguka, jibu ni lile lile: "Huyo si wetu, kaletwa na sabu." Sabu naye anamtaja dalali wa vibarua.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga bila kumkata mfanyakazi hata senti. Na helmeti zipo, Ndugu Mtendaji. Ziko stoo, zinatoka mgeni akija.

Jengo lilipoporomoka Mtaa wa Indira Gandhi Machi 2013, zaidi ya watu 30 walikufa. Lilipoporomoka jingine Kariakoo, Novemba 2024, ikaundwa tume ya kukagua majengo. Anayedondoka peke yake kutoka ghorofa ya tatu haundiwi tume.

Kwa hiyo naomba wakaguzi wako waje siku ya slabu, bila taarifa, hata ikiwa Jumapili. Wasianze na helmeti, hizo zinavaliwa kwa dakika moja. Waombe daftari la majina ya wote walioingia getini asubuhi hiyo, vibarua wakiwemo, kisha wapande juu wahesabu watu. Idadi zisipolingana, aandikiwe kosa mkandarasi mkuu, asiruhusiwe kumsukumia sabu. Kwenye bango, chini ya majina ya mshitiri (mwenye mradi) na mhandisi, liwekwe jina na simu ya msimamizi wa usalama. Wanaotangaza zabuni nao walazimishwe kutenga fungu la usalama, kwa sababu likichanganywa na gharama nyingine ndilo la kwanza kukatwa.

Daftari lisipokuwepo, simamisheni kazi hapo hapo, malori ya zege yakiwa yamepanga foleni getini. Hasara hiyo mkandarasi ataielewa kuliko barua ya onyo.

Fundi nondo,
Dar es Salaam